Makala za programu naandika mwenyewe nasoma mwenyewe, niweke wapi zisomwe?

fundi_wa_ghala (mwanzisha mada)

Wakuu habari za leo. Naombeni ushauri kwa wale mnaoandika makala za kiufundi. Mimi ni programa, natumia zaidi lugha ya Python na Django (fremu yake ya kutengenezea tovuti), natengeneza mifumo ya maduka na maghala hapa Dar, na kila nikikwama kazini naokolewa na makala ya mtu ambaye hata hanijui, sasa nikasema ngoja na mimi nirudishe kidogo. Nikafungua akaunti kwenye jamii moja ya maprograma, nikatupia makala ya "Jifunze Django kwa wanaoanza", nyingine ya tofauti ya list na tuple (aina mbili za orodha za Python), zimeandikwa vizuri tu na picha zipo. Wasomaji hakuna. Nadhani anayefungua ni mimi mwenyewe nikienda kuangalia kama kuna aliyefungua 😅

Sasa nauliza, niende wapi, dev.to, Medium, Hashnode au nifungue blogu yangu kwa jina langu? Halafu lugha, nimekuwa naandika Kiingereza ila kuna vijana kibao wananiuliza WhatsApp mambo yaleyale kila wiki nikawa nawaza Kiswahili. Na hela je, ipo au ni sadaka tu? Karibuni.

mama_terminali

Mkuu sehemu haina shida, mada ndo shida. "Jifunze Django kwa wanaoanza" maana yake umejipanga kushindana na nyaraka za Django zenyewe, ambazo tayari zina somo zuri la hatua kwa hatua la kutengeneza apu ya kura, bure, na linasasishwa kila toleo likitoka. Na nyuma yao kuna maelfu ya watu wameandika kitu hichohicho, mtu akitafuta wewe anakukutia wapi?

Andika kile kilichokulaza macho wewe. Umesema mifumo ya maduka, basi lazima umewahi kukutana na hii: duka la dawa linalokesha, asubuhi mwenye duka anafungua ripoti ya jana haiendani na hela ya kwenye droo. Ukichimba unakuta mauzo ya kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa yameandikwa kwenye siku iliyopita, kwa sababu mfumo unakata siku kwa UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko masaa matatu mbele. Django ukianzisha mradi mpya mpangilio wa `TIME_ZONE` unakuja ikiwa UTC na watu wengi hawaigusi, `USE_TZ` nayo, ile ya kuwasha hesabu za kanda za saa, tangu toleo la 5.0 la Desemba 2023 iko True hata usipoiandika, halafu unakuja kupanga mauzo kwa siku kwa `TruncDate` (inayokata muda ibaki tarehe tu), inakata siku kwa saa ya wapi? Hapo ndo pa kuandika. Weka data ya mfano, mauzo ya saa saba usiku, onyesha yanaangukia siku gani kabla na siku gani baada ya kuweka 'Africa/Dar_es_Salaam' (hata ukiweka Nairobi jibu ni lilelile).

Na hiyo makala programa wa London hakuandikii, maana yeye kipindi cha baridi saa yake na UTC ni moja, tatizo lenyewe halioni mpaka wabadilishe saa. Wewe unaliona kila siku ya Mungu.

pwani_dev

Mama kamaliza lakini naongezea kidogo kutoka huku Mombasa. Makala yangu inayosomwa kuliko zote ndiyo fupi kuliko zote, ni ile ya Daraja, API ya M-Pesa ya Kenya, yaani njia ya programu yako kuongea na M-Pesa. Sikuandika "jinsi ya kuunganisha M-Pesa na tovuti yako", hizo zimejaa. Nimeandika vitu vinavyokwamisha tu, kwamba namba ya simu lazima ianze na 254 sio 07, kwamba ile nywila unayotuma ni namba ya biashara ukaunganisha na passkey (funguo la siri unalopewa) ukaunganisha na muda halafu ukageuza kwa base64 (njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida), na huo muda lazima uwe uleule uliouandika sehemu ya `Timestamp` kwenye ombi hilohilo, ukiuita mara mbili ukapishana sekunde moja imekula kwako. Kwamba tokeni, ile ruhusa ya kuingilia API, inaishi saa moja. Kwamba anwani ya kupokea majibu lazima iwe ya HTTPS inayofikika kutoka nje, localhost ya laptopu yako haiwezi kufikiwa na mtu, ndo maana watu wanatumia ngrok (zana ya kuipa laptopu yako anwani ya muda ya mtandaoni) wakati wa majaribio.

Halafu nikaweka orodha ya `ResultCode`, zile namba za majibu ya malipo, 0 imekubali, 1 salio halitoshi, 1032 mteja mwenyewe kakatisha, 1037 simu haikupatikana au mtu hakujibu. Wasomaji karibu wote wanaingilia hapo. Mtu aliyekwama saa nne usiku na kesho anakabidhi kazi hatafuti "utangulizi wa malipo ya simu", anakopi ule ujumbe uliomtokea anaubandika Google kama ulivyo. Kwa hivyo ujumbe wa kosa uandike kwa herufi zake zote kwenye makala, kama maandishi sio skrinshoti. Ukiweka skrinshoti Google haina cha kushika, na msomaji hawezi kukopi.

Hii inakujibu na swali la lugha pia. Ujumbe wa kosa utabaki Kiingereza hata kama msomaji ni wa Lamu au Kigoma, uache hivyohivyo, maelezo yote yanayozunguka andika Kiswahili. Mtu atakufikia kwa lile kosa, akifika anakuta anasomeshwa kwa lugha ya kwao.

bwana_seva

Mimi hapo kwenye lugha natofautiana na nyie. Kiswahili ni kizuri kwa moyo lakini huyu ndugu anaonekana anataka makala zimfungulie milango, na mwajiri wa Berlin au Toronto hasomi Kiswahili. Jamii hizi kubwa zote wasomaji wake wanasoma Kiingereza, ukitupia Kiswahili pale inapita kwenye mkondo wa makala mpya dakika chache imezama na hakuna aliyeelewa. Andika Kiingereza, mwisho wa siku kodi (code ya programu) ni ileile. Na msidanganyane, maneno yenyewe ya Kiswahili ya kompyuta kila mtu ana yake, vijana wenyewe wanasoma kwa Kiingereza shuleni toka sekondari.

mama_terminali

@bwana_seva wanasoma kwa Kiingereza shuleni ni kweli, na bado wanamtafuta fundi WhatsApp awaelezee kwa Kiswahili, si kasema mwenyewe pale juu? Wasomaji anao tayari. Yale maswali ya WhatsApp ndo orodha yake ya makala, kila swali lililoulizwa zaidi ya mara moja liwe makala, wakiuliza tena anatuma linki anaendelea na kazi zake.

Ila sipingi kwamba za Kiingereza zina kazi yake. Ile ya masaa akiandika Kiingereza itasomwa na Kampala na Addis pia, wote tuko UTC+3. Aandike zote mbili tu, lakini asitafsiri mstari kwa mstari, mwanafunzi wa VETA na programa wa Toronto hawahitaji maelezo ya aina moja.

nyaraka_kwanza

Nimechelewa ila kuna kitu hamjagusa, kuhusu wapi.

Mkuu andika kwako kwanza halafu sambaza. Nunua domeni yako, .co.tz au yoyote, weka tovuti ya kurasa tuli (static, isiyohitaji seva yako) kwenye GitHub Pages ambayo ni bure, makala ziandike kwa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio) uzihifadhi kwenye Git, inayotunza historia ya mabadiliko, kama unavyohifadhi programu. Ikishatoka kwako ndo unaibandika dev.to na Hashnode kwa ajili ya wasomaji waliopo kule. Sehemu ya kuweka `canonical_url` unaweka anwani ya kwako, kwa hiyo injini za kutafuta zinajua nakala mama iko wapi. Huo utaratibu Google, Yahoo na Microsoft waliukubali pamoja 2009, na kwa Google ni ombi sio amri, lakini mara nyingi wanalisikiliza. Medium nao ukitumia njia yao ya kuingiza makala kutoka nje inawekwa yenyewe, ukikopi na kupesti kwa mkono haiwekwi, wengi hawajui.

Kwa nini nasema kwako kwanza, angalia freeCodeCamp, wale wanaofundisha programu bure. Walikuwa na chapisho kubwa sana Medium, 2019 wakahama kwenda kwenye tovuti yao wenyewe. Wao wana timu, wana jina, wamehama salama. Wewe siku sehemu ikibadilisha sharti, ikaanza kuweka ukuta wa malipo au ikafungwa, utahama na nini kama makala zako ziko kwenye kihariri chao tu?

Hela: dev.to hawakulipi kwa kusomwa. Medium wana mpango wao tangu 2017, unalipwa kutokana na wanachama wanaolipia kusoma, maana yake makala unaifungia ndani ya ukuta na yule kijana wa VETA haioni. Kuna kampuni za zana za programu zinalipa waandishi wa nje kwa makala moja moja, hizo wanaangalia ulichoandika huko nyuma kwanza, kwa hiyo unarudi palepale. Mimi binafsi hela niliyoiona kupitia kuandika ni mteja aliyesoma makala akanipigia simu, ya makala yenyewe hapana.

Na la mwisho limenikaa rohoni, tafadhali msijaze mtandao na "Mwongozo Kamili" uliotemwa na ChatGPT. Stack Overflow, ule mtandao wa maswali na majibu ya programu, walipiga marufuku majibu ya namna hiyo Desemba 2022, haijaisha hata wiki tangu kitu kitoke, kwa sababu yanasomeka vizuri lakini mengi ni ya uongo. Ukitumia kukusahihishia sarufi sawa, lakini kodi iliyoko kwenye makala uwe umeiendesha wewe. Kabla hujachapisha fungua folda tupu, mazingira mapya kabisa ya Python, ufuate makala yako mwenyewe neno kwa neno kama mtu asiyejua kitu, utashangaa hatua ngapi uliziruka kwa sababu kwenye mashine yako zilishafanyika zamani. Na uandike matoleo, Python ipi, Django ipi, tarehe gani umejaribu.

fundi_wa_ghala

Wakuu nashukuru sana aisee, hii ya folda tupu sijawahi kuisikia popote na hiyo ya ripoti za usiku mama terminali umenigusa kabisa, nina mteja ana stesheni ya mafuta analalamika kitu hichohicho 😂 nimeshaanza kuandika.

Maswali ya nyongeza. Moja, kodi naweza kuipiga picha ile ya kupendeza yenye mandharinyuma ya rangi? Naona wengi wanafanya. Lingine, kuna nyaraka nzuri za JavaScript (lugha ya kurasa za tovuti) kwenye tovuti ya MDN nataka kuziweka Kiswahili kwa wale vijana, inaruhusiwa au nitashtakiwa?

pwani_dev

Picha ya kodi hapana kaka. Zile ni za kuringia Twitter. Msomaji wako yuko kwenye simu na bando la kupima, picha inamlia bando halafu hawezi hata kukopi mstari mmoja, na asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini haambulii kitu. Kodi iweke kwenye maandishi kati ya zile alama tatu za Markdown (```) na jina la lugha mbele, rangi zitajiweka zenyewe.

Skrinshoti iache kwa mambo ya kuonekana kama muonekano wa fomu, na hapo nako chungulia pembeni kabla hujaipandisha. Nimeona makala ya mtu, kapiga picha ya terminali nzima na passkey ya biashara inaonekana pale juu. Ikitokea imeshatoka usihangaike kufuta tu, historia ya Git inabaki nayo, badilisha funguo lenyewe.

nyaraka_kwanza

MDN unaruhusiwa, maandishi yao yako chini ya Creative Commons CC BY-SA 2.5, unatafsiri na kuchapisha ilimradi utaje umetoa wapi kwa linki, useme kwamba umebadilisha, na tafsiri yako nayo uiachie kwa leseni hiyohiyo. Lakini sio kila kitu kilichoko mtandaoni ni hivyo. Makala ya mtu binafsi isiyo na leseni yoyote chukulia kwamba hairuhusiwi mpaka umuulize, na wengi ukiwauliza kwa adabu wanafurahi. Na wewe kwenye tovuti yako andika leseni kabisa, maandishi CC BY, kodi MIT (zote zinaruhusu kutumia ilimradi utajwe), ili mtu wa Bukavu akitaka kuipeleka kwenye Kiswahili cha kwao asisumbuke kukutafuta.

bwana_seva

Haya mmenishinda kwa kura sio kwa hoja 😄 ila ile ya stesheni ya mafuta atoe na ya Kiingereza, niko tayari kuipitia.

fundi_wa_ghala

@bwana_seva nimekubali mkuu. Nimeweka rasimu dev.to ila inanikatalia kuhifadhi, inaniletea kosa kwenye ule utangulizi wa juu, na sijaandika kitu cha ajabu, kichwa cha habari ni `title: Django na UTC: mauzo ya usiku yanaenda wapi`, tagi nimeweka sita.

mama_terminali

Hiyo nukta mbili ya pili iliyoko katikati ya kichwa. Ule utangulizi ni YAML, muundo wa kuandika mipangilio, ikiona nukta mbili na nafasi inadhani unaanza kitu kingine. Kichwa chote kiweke ndani ya alama za kunukuu. Na tagi mwisho ni nne, bakiza python na django, hizo mbili za mwisho utajua mwenyewe. `published` iache false kwanza, kisha chukua ile linki ya kuhakiki rasimu uitupie hapa tuisome kabla haijatoka.