Kijana kapata nafasi Merton: anunue nini?

Kutoka: Mama wa Leicester
Ndugu zangu, kijana wangu anaingia Merton, kimoja cha vyuo vya Chuo Kikuu cha Oxford, mwezi wa kumi. Anaambiwa awe na joho na suti nyeusi. Kabla sijatoa hela, hivi ni lazima? Na wenzake wanasema huko watu hutembea kinyumenyume usiku wa manane. Wanamtania?

Kutoka: Mdau wa Oxford
Shikamoo mama, hongera sana. Joho ni lazima, atalivaa siku ya kuandikishwa rasmi na kwenye mitihani. Anunue lile fupi lisilo na mikono, hata la mtumba. Lile refu lenye mikono mipana ni la wanaong'ara masomoni, asilikimbilie. Siku za mitihani atabandika ua la kanesheni kifuani: jeupe mtihani wa kwanza, jekundu wa mwisho, pinki yote ya katikati. Kwa desturi hajinunulii, hununuliwa na rafiki.

Kinyumenyume hawamtanii! Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa za Uingereza zinaporudishwa nyuma, wanafunzi wa Merton huvaa majoho, hushika glasi za divai ya port na kuzunguka ua wa Fellows' Quad kinyumenyume saa nzima, eti wasipofanya hivyo wakati utavurugika. Chuo ni cha 1264, lakini mila yenyewe ilianza 1971 tu. Ni mzaha wa wanafunzi, ila wenyewe hawacheki.

Kutoka: Baba wa Reading
Nyongeza. Chuo jirani yao, Christ Church, kengele yake iitwayo Great Tom hupigwa mara 101 kila usiku, saa 3 na dakika 5. Hizo dakika tano ni kwa vile Oxford iko magharibi ya Greenwich, London, ambako saa ya Uingereza hupimwa, na kengele bado inafuata saa ya zamani ya mji. Akipewa chumba upande huo ataizoea, atake asitake.

Lakini mama, cha kukuumiza kichwa si joho. Muhula ni wiki 8, na vyuo vingi hutaka chumba kiachwe kitupu kila likizo, hadi sufuria. Aulize mapema kama kuna stoo, au aombe kubaki.

Kutoka: Mama wa Leicester
Marahaba mwanangu, asanteni wote. Ya stoo sikuyajua kabisa. Gari ninalo, nitakuwa nafuata mizigo. Haya, nani ana joho fupi la mtumba? Kijana ni mrefu.