Mjadala: Kijana aliyemaliza S.6 asomee sayansi ya data, au aanze na takwimu?

Matokeo ya S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yakishatoka, swali linalozunguka kati ya wazazi huku kwetu Arua, Uganda, ni hili: mtoto amefaulu hesabu, alichukua PCM (fizikia, kemia na hesabu) au MEG (hesabu, uchumi na jiografia), sasa ajaze sayansi ya data, yaani kuchambua kumbukumbu nyingi kwa kompyuta, kama chaguo la kwanza chuoni, au abaki na takwimu, uchumi na kompyuta, zile kozi tulizozizoea? Nalileta hapa tulijadili waziwazi, na nitangulie kusema nilipo. Mimi nafanya kazi ya data kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi. Msimamo wangu ni kwamba shahada ya kwanza ya sayansi ya data isiyo na takwimu nzito, na isiyomtoa mwanafunzi darasani akakae uwandani, inamdhulumu kijana. Kama kozi anayoitaka haina mambo hayo mawili, achukue takwimu.

Najua wengi hamtakubali, na hoja zenu zina uzito. Ya kwanza ni ajira: benki, kampuni za simu, bima, hospitali, mashirika, wote wanatafuta watu wa data. Ni kweli. Tangu MTN walipoanzisha huduma ya kutuma pesa kwa simu mwaka 2009, hata muuza samaki wa Panyimur anaacha kumbukumbu za biashara yake kila siku. Data ipo tele. Lakini tuangalie sifa hii ilikotoka. Oktoba 2012 jarida la Harvard Business Review lilichapisha makala iliyoitaja kazi hii kuwa ndiyo yenye mvuto kuliko zote katika karne ya 21, na tangu hapo dunia nzima ikaikimbilia. Watu waliokuwa wakisifiwa pale hawakuwa na shahada ya sayansi ya data, maana wakati ule vyuo vingi vilikuwa bado havijaanza kuitoa. Walitoka kwenye fizikia, takwimu, hesabu, hata sayansi za jamii. Walikuwa na fani kwanza, wakaongeza kompyuta juu yake.

Sasa niwapeleke mahali ambapo data ya nchi hii inazaliwa. Chukua rejista ya wagonjwa wa nje katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu. Shusha kidole kwenye safu ya umri: 30, 35, 40, 40, 25, 50, 60. Mwenye miaka 31 au 43 ni wa kutafuta. Mama mzee amefika na homa, hajui mwaka aliozaliwa, muuguzi ana foleni hadi nje ya mlango; anaandika 60 na kumwita anayefuata. Mwisho wa mwezi rejista zinajumlishwa kwenye fomu ya HMIS 105, kisha zinaingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya ambao nchi yetu imeutumia tangu 2012. Sasa tuseme kisanduku kimoja cha malaria kiko kitupu. Je, hapakuwa na mgonjwa mwezi mzima? Vipimo viliisha? Au aliyejaza fomu alichoka? Ukiiambia kompyuta isome pengo kama sufuri, itasoma. Ukiiambia iliruke, italiruka. Majibu hayo mawili yatapeleka dawa kwa idadi mbili tofauti, na kompyuta haitakuuliza kitu.

Mtu aliyesoma takwimu na masuala ya idadi ya watu anaijua hali hiyo ya umri kurundikana kwenye namba zinazoishia na 0 na 5. Kuna kipimo chake kabisa, kipimo cha Whipple, kinachoangalia watu wa miaka 23 hadi 62. Akiona jedwali, atauliza nani aliandika, aliuliza vipi, nani hakuhesabiwa. Vijana wengi wanaokuja kwetu na vyeti vya sayansi ya data wana mkono mwepesi kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wanachora grafu nzuri kuliko zangu, lakini swali hilo hawaliulizi kwa sababu hakuna aliyewafundisha kuliuliza. Walifanyia mazoezi data iliyosafishwa na watu wa nchi nyingine, ikapakuliwa kutoka intaneti ikiwa tayari. Siwalaumu vijana. Nawalaumu walioitengeneza kozi.

Mnaosema haya ni mambo madogo ya makarani, kumbukeni wakimbizi mwaka 2018. Vitabu vya usajili vilisema Uganda ina wakimbizi takriban milioni 1.4. Serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wakaendesha uhakiki kwa alama za vidole na mboni za macho, kuanzia Machi hadi Oktoba, na waliopatikana walikuwa takriban milioni 1.1. Tofauti hiyo ni chakula, ni vyumba vya madarasa, ni jina la nchi mbele ya wafadhili. Hakuna programu ya kompyuta ambayo ingeigundua tofauti hiyo kwa kuchambua orodha ileile. Ilibidi watu wapange mstari, mmoja mmoja, kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, Rhino Camp na kwingineko. Kujua lini namba haiaminiki na nini kifanyike ili iaminike, hilo ndilo somo lenyewe, na linaitwa takwimu tangu zamani.

Wapo watakaonitajia Chuo Kikuu cha Makerere, na nafurahi wakiitaja. Maabara yao ya akili mnemba imefanya kazi ya kujivunia: picha 21,367 za majani ya muhogo zilizokusanywa hapa Uganda, ambazo mwishoni mwa 2020 zilitumika kwenye shindano la kimataifa la Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, la kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa. Lakini hebu tuone kazi ilivyogawanywa. Picha nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe kwenye mashamba yao. Kusema hili lina ugonjwa wa batobato, lile lina michirizi ya kahawia, hili ni jani lisilo na ugonjwa, ilikuwa kazi ya wataalamu wa mazao wa taasisi ya utafiti ya Namulonge. Bila jicho lao, picha zile zingekuwa majani tu. Kijana aliyesoma kilimo akaongeza takwimu na programu angeweza kukaa pande zote mbili za meza ile, na watu wa namna hiyo ndio tuliopungukiwa nao.

Hata wenzetu wa Marekani walioanza mapema waliliona hili. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipofungua shahada ya kwanza ya sayansi ya data mwaka 2018, kilimlazimisha kila mwanafunzi achague fani moja ya kuitumikia, iwe uchumi, mazingira au nyingine, tena asome maadili ya matumizi ya data. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Kijana anayemaliza miaka mitatu bila kuisoma ni hatari kwa watu ambao majina yao yatakuwa kwenye kompyuta yake.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayonisumbua kweli. Mzazi mmoja aliniambia hivi: ninyi mnaosema mtoto asome fani nyingine kwanza, kisha data kwenye shahada ya pili, mnazungumza kama watu wenye pesa. Mimi nina ng'ombe wa kuuza mara moja tu. Ana haki kabisa. Shahada ya kwanza kwa familia nyingi za huku ndiyo ya mwisho, kwa hiyo lazima ijitosheleze. Ndiyo maana simshauri mtu apange shahada mbili. Nasema takwimu inajitosheleza. Makerere ilianzisha taasisi ya takwimu mwaka 1969, na wakafika pale wanafunzi hata wa nchi nyingine za Afrika. Aliyetoka na shahada hiyo anaingia shirika la takwimu la taifa, UBOS, anaingia benki, anaingia wizara. Sensa ya Mei 2024, ya kwanza kutumia vishikwambi, ilitoa watu milioni 45.9 kutoka milioni 34.6 wa mwaka 2014, na kazi ya kuzifafanua namba hizo kwa kila wilaya na parishi bado ni nyingi.

Wanaoisema vibaya kozi ya takwimu nao wana la kweli: sehemu nyingi inafundishwa kwa chaki na kanuni za kukariri, mwanafunzi anafika mwaka wa mwisho hajawahi kusafisha faili moja la data ya kweli. Hiyo ni kasoro kubwa na irekebishwe. Ila kati ya kujifunza Python ukiwa na takwimu, na kujifunza takwimu ukiwa kazini na Python peke yake, hilo la pili ni gumu zaidi, nimewaona wanavyohangaika. Tena tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba, ije Novemba 2022, kuandika programu za kawaida kumekuwa kazi rahisi. Kujua kama jibu lililotoka lina akili bado ni kazi ya mtu.

Nawaomba wenye kozi zenu mnisahihishe kwa mifano. Uliyesoma sayansi ya data hapa Uganda: ulisoma nadharia ya uwezekano na upangaji wa sampuli kwa mihula mingapi, na ulikaa wapi nje ya darasa? Ninyi mnaoajiri: mkiweka mezani mhitimu wa takwimu na wa sayansi ya data wenye maksi sawa, mnamchukua nani, na kwa nini? Na wazazi, kabla ya kulipa ada, mmekwenda NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, kuhakikisha kwamba kozi imesajiliwa, mkaomba chuo kiwaonyeshe orodha ya masomo ya kila mwaka? Waliokataliwa kuonyeshwa orodha hiyo waseme hapa, bila kutaja majina, walipewa sababu gani.