Kubana prosesa kwa kila mtumiaji kwenye seva ya pamoja: nice, cpulimit au systemd?

seva_ya_idara
Wakuu, habari za mchana. Tuna seva moja ya Ubuntu 22.04, kori (viini vya prosesa) 16, wanaitumia wanafunzi wa uzamili wa idara nzima. Mmoja akiachia hesabu zake za R (programu ya takwimu) kwenye kori zote, wengine hata `ls` inawagandia. Sitaki kumfukuza mtu, kazi zote ni halali. Nataka kila mmoja apate haki yake. Kati ya nice (kipaumbele cha programu), cpulimit (ya kubana programu moja moja) na CPUQuota (kikomo cha prosesa) ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ipi inafaa?

fundi_wa_usiku
Anza na nice, mkuu. Viwango vyake ni -20 hadi 19. Namba ikipanda, programu inawapisha wenzake. `renice -n 15 -u jina` inashika programu zote za mtumiaji huyo zinazoendelea. Husakinishi chochote.

Bi_Terminali
Nice haitamsaidia. Renice inagusa zilizopo tu. Mtu akitoka na kuingia upya, programu zake mpya zinaanza tena na sifuri. Halafu nice inaangalia programu, haimwangalii mtu. cpulimit ndiyo siipendi kabisa kwa seva ya watu wengi: inaisimamisha programu kwa SIGSTOP, inaiachia kwa SIGCONT, tena na tena, na unailenga moja moja. Ibaki ya kubana ffmpeg kwenye laptop yako.

Systemd tayari inamweka kila aliyeingia kwenye kundi lake, linaloitwa slice, mfano `user-1001.slice` (1001 ni namba ya mtumiaji). Mkabe hapo. Fungua faili `/etc/systemd/system/user-.slice.d/50-cpu.conf`, uandike:

```
[Slice]
CPUQuota=400%
```

Kisha `systemctl daemon-reload`. Asilimia 100 ni kori moja, kwa hiyo 400 ni kori nne. Kile kistari baada ya "user" ndicho kinachofanya iwahusu wote, hata root (msimamizi mkuu) akiingia moja kwa moja.

kaka_keneli
Slice naunga mkono, quota hapana. Quota inakaba hata seva ikiwa tupu. Saa nane usiku mwanafunzi yuko peke yake, kori 12 zimelala, yeye kafungiwa kwenye nne, na tasnifu inamsubiri. Weka `CPUWeight=100` badala yake. Uzito unafanya kazi pale tu prosesa inapogombaniwa: wawili wakikutana wanagawana nusu kwa nusu, hata kama mmoja ana programu 40. Mmoja akimaliza, aliyebaki anachukua zote. 100 ndiyo ya kawaida (unaweza kwenda 1 hadi 10000), lakini iandike hivyo hivyo, maana isipoandikwa huenda systemd isiwashe mgawanyo wa prosesa kati ya watumiaji.

seva_ya_idara
Nashukuru sana. Nimejaribu kwa akaunti mbili, moja programu 32 nzito, nyingine 16. `systemd-cgtop`, inayoonyesha matumizi ya kila kundi, inaonyesha kila moja inacheza karibu na 800%. Safi kabisa! Ila kuna kijana kazi zake za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) hazionekani kwenye slice yake, na zinakula kweli kweli.

Bi_Terminali
Kwenye Debian na Ubuntu kazi za cron zinakaa ndani ya `cron.service`, tawi la `system.slice`. Hapo uzito hautakusaidia, kwa sababu unapimwa kati ya ndugu wa tawi moja tu. Hapo ndipo quota ina kazi:

`systemctl set-property cron.service CPUQuota=200%`

Angalia na Docker pia, inayoendesha programu ndani ya kontena. Kontena haziingii kwenye slice ya aliyeziwasha, kwa hiyo mwenye ruhusa ya Docker anapita pembeni ya mpango wako wote. Kila kontena iwashwe na `--cpus` (kikomo cha kori), au ruhusa hiyo wapewe wachache.

kaka_keneli
Kweli, dada. Mkuu, huyo wa cron mwelekeze kwenye taima (ratiba za systemd) za `systemctl --user`, umwashie na `loginctl enable-linger`. Kazi zitaendelea hata akitoka, na zitahesabiwa ndani ya slice yake kama za wenzake.