Komisheni ya app za usafiri: LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania) wakibana kampuni zinaondoka, wakilegeza dereva anaumia. Tufanyeje?

Dereva wa Tabata: Wadau naombeni tulijadili hili kwa kina. 2022 LATRA waliweka kwamba kampuni ya app isikate komisheni zaidi ya asilimia 15 ya nauli, madereva tukashangilia kweli, kufika mwezi wa nne Uber wakasimamisha huduma, baadae Bolt nao wakabaki na wateja wa makampuni tu. Mwisho wa mwaka huohuo ikapandishwa mpaka 25 na juu yake asilimia 3 ya ada ya kubook safari, Januari 2023 Uber hao wamerudi. Sasa dereva anamtegemea nani? Mbona Kenya wamewekewa 18 na kazi zinaendelea?

Nai Cabbie: Buda hiyo 18 ya NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya) iko kwa sheria tangu 2022 lakini haijatutoa kwa shida, juu bei ya safari bado inapangwa na kampuni yenyewe. Asilimia 18 ya pesa kidogo inakuachia pesa kidogo. Ndio maana 2024 madereva wengi hapa Nairobi walianza kubandika bei za AA (chama cha wenye magari Kenya) ndani ya gari, mteja akiingia anaambiwa ile ya app awachane nayo, na hapo vita inakuwa ya dereva na mteja, kampuni imekaa pembeni.

Mama Junior: Na sisi abiria mtusikilize jamani. Unaita gari, dereva anapiga "unaelekea wapi dada, app inasomaje, unalipa keshi?" ukimwambia Mbezi anakansel. Saa nne usiku niko barabarani na mtoto unataka nipande teksi bubu? Mimi app naipendea usalama, namba ya gari naiona na ndugu yangu anaona nilipo.

Mzee wa Hesabu: Mama Junior una haki kabisa, ila jua huyo anayekansel wengi gari sio lao, hesabu ya bosi, yaani pesa ya kumpelekea mwenye gari, iko palepale iwe kuna abiria au hakuna. Mkuu wa Tabata, tumeng'ang'ana na komisheni miaka yote hii wakati mafuta EWURA (mamlaka ya nishati na maji Tanzania) wanatangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tuwadai LATRA nauli ya chini kwa kilomita inayofuata bei ya mafuta, app yoyote isishuke chini ya hapo, hata wakishushiana bei kugombea wateja.

Dereva wa Tabata: Hilo la nauli ya chini naliunga mkono asilimia mia. Mzee, na hesabu za mabosi nazo tuzipeleke LATRA au hizo tumalizane wenyewe?