Beringi za kiungo cha fremu zimekwama na nyuma kumezibwa, zinatolewaje?

MteremkoKawetire:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Uyole, Mbeya. Nina baiskeli ya mlimani ya mtumba, yenye shokapu mbele na nyuma, fremu ya alumini. Masika yote nimepanda nayo Kawetire, barabara ya Chunya, na kushuka kwenye tope. Sasa ukishika tairi la nyuma ukalitikisa kushoto kulia linacheza, na ukikalia siti inalia kama kitanda cha chuma.

Nimefungua viungo vyote vya fremu, pale sehemu ya nyuma inapojipinda shokapu ikibonyea. Beringi za juu ni nzima. Mbili za chini, jirani na pedali, zimeshika kutu, ukizungusha kwa kidole zinakwaruza. Zimeandikwa 6900-2RS, yaani tundu milimita 10, nje 22, unene 6. Tatizo ni kwamba zimekaa kwenye shimo lenye kitako. Nyuma ni fremu yenyewe, hakuna pa kupitisha chuma nikazigonga zitoke. Fundi mmoja wa mtaani alianza kuchokonoa kwa bisibisi, aking'oa mpira wa beringi unaozuia maji na vumbi na kukwangua ukingo wa shimo, nikamwomba aache. Fremu hii nikiiharibu sina pa kupata nyingine. Pula (kifaa cha kuvutia beringi) ndogo kiasi hicho nimeitafuta masoko ya Mwanjelwa na SIDO, sijaiona. Naombeni msaada.

FundiIgawilo:
Pole sana mkuu. Ulifanya vema kumzuia. Beringi ni ya kutupwa, lakini shimo likikwanguka hata beringi mpya haitashika.

Pula unaweza kuitengeneza. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba ile bolti ya kutanuka ambayo wachomeleaji hufungia mageti ukutani, yenye ganda la milimita 10. Ikikataa kuingia, ganda lipige tupa kidogo. Iingize kwenye tundu la beringi mpaka ncha yake iguse kitako, halafu kaza nati. Ganda litatanuka na kuuma ringi ya ndani. Sasa vika juu yake soketi ya spana ya milimita 24: beringi ya 22 inapita ndani yake, na ukingo wa soketi unakaa kwenye fremu pembeni ya shimo. Weka kitambaa chembamba hapo rangi isichubuke. Bolti itatokea kwenye lile tundu la mraba la nyuma ya soketi. Weka washa nene, nati ya pili, kaza kwa spana taratibu. Kadiri unavyovuta ndivyo bolti inavyozidi kuuma. Hakuna nyundo hapo.

Kabla ya kuvuta, pasha moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiongeza joto nyuzi 80, shimo la 22 linaizidi beringi kwa kama milimita 0.02. Ni kidogo kuliko unywele, lakini ndicho kinachoachia. Tumia bloa ya hewa moto ya mafundi simu, usitumie moto wa gesi. Dondosha tone la maji pembeni ya shimo, likichemka, acha. Huku kwetu juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo rangi haitaungua. Shokapu itoe kwanza, ina hewa ya presha. Na anayesoma hapa mwenye fremu ya kaboni, tafadhali asipashe moto kabisa.

BaridiNjombe:
Mimi nilitoa ya kwangu kwa mkate. Unashindilia mkate uliolowa maji kwenye tundu la beringi, unaweka bolti ya 10 isiyo na meno sehemu ya chini, unagonga, unaongeza mkate, unagonga tena. Mkate hauna pa kwenda, unaisukuma beringi kutoka nyuma. Wengine hutumia grisi, lakini kwa beringi hizi zenye mpira grisi hupenya pembeni ya mpira na kukurukia usoni.

FundiIgawilo:
Mkate ni sawa, ila unahitaji uwazi nyuma ya beringi. Ikiwa imelala moja kwa moja kwenye kitako, mkate haufiki popote. Mkuu chungulia kwa tochi kwanza.

MteremkoKawetire:
Nimechungulia, uwazi hauzidi milimita 1. Nimefuata njia ya bolti. Ya kulia imetoka nzima, ilipoachia ilitoa mlio "tak" nikadhani fremu imepasuka. Ya kushoto imetoka ringi ya ndani na gololi zimemwagika sakafuni, ringi ya nje imebaki imeganda shimoni. Nifanyeje?

FundiIgawilo:
Usiguse patasi. Ndani ya hiyo ringi kuna mfereji zilipokuwa zikipita gololi. Tafuta bolti ya kutanuka ya ganda la milimita 16, ikaze taratibu mpaka ganda lijae kwenye mfereji, pasha moto tena, vuta kwa soketi ileile.

Hiyo ringi ukiitoa usiitupe. Ipunguze kidogo nje kwa msasa, uitumie kusukumia beringi mpya, maana beringi mpya husukumwa kwa ringi ya nje tu. Ukisukuma ya ndani, gololi zinabonyeza vishimo kwenye mifereji na umeiua kabla haijatembea. Mpya ilaze kwenye friza usiku, shimo lipashe moto. Kabla ya kuifunga, nyanyua mpira kwa sindano uijaze grisi pomoni. Kiungo hiki hakizunguki, kinacheza nyuzi chache tu mbele na nyuma, grisi nyingi haikisumbui, na maji yanakosa nafasi. Na usiipeleke kuoshwa kwa mashine ya presha. Ndoo na kitambaa vinatosha.

MteremkoKawetire:
Imetoka, wakuu! Ganda la 16 limeshika mara ya pili, mara ya kwanza liliteleza kwa sababu ya grisi, nikafuta kwa petroli na kusubiri ikauke kabisa kabla ya moto. Shimo lina mkwaruzo mmoja tu pale ukingoni, chini kote ni safi. Beringi mbili mpya ziko kwenye friza ya jirani. Asante sana FundiIgawilo, na BaridiNjombe pia.