Nimepewa duara la chai ya pu'er, linanuka udongo na stoo ya zamani. Limeharibika au ndo ilivyo? Naombeni ushauri

Mpakizi_GZ:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa anayeijua chai ya Kichina vizuri. Nipo Guangzhou, kazi yangu kukusanya mizigo ya wateja wa Dar na kuipanga kwenye kontena. Jirani na godauni letu kuna mzee wa Kichina tumezoeana sana, juzi kanipa zawadi ya chai, sasa siyo majani ya kumwaga tuliyozoea, hili ni duara bapa gumu la kukandamizwa, nyuma lina kishimo katikati, limefungwa na karatasi nyembamba, na kwenye karatasi nimeona namba 7572 na gramu 357. Kaniambia ni pu'er na ni ya zamani, basi.

Shida ni harufu. Nikifungua tu napigwa na udongo uliolowa, mbao za kale, stoo iliyofungwa muda mrefu, halafu kwa mbaaali kuna kashombo ka samaki. Juu yake kuna vijani vya rangi ya dhahabu vimetapakaa kwenye ile kahawia, sijui ndo kuvu yenyewe? Nimemega kipande nikachemsha kwenye sufuria kama chai ya rangi ya nyumbani, ikatoka nyeusi tii, na cha kushangaza haina uchungu wala ukakasi, nzito inateleza tu, ila ule udongo umejaa mdomo mzima. Hivi hii imeharibika au ndo ilivyo? Na inanyweka vipi hasa? Nataka nusu nimpelekee mama Tanga, anapenda sana chai ila anatumia dawa za presha.

Simba_wa_Kimara:
Mkuu chai ya kunuka udongo na samaki ya nini tena, tupa kule, afya haina spea.

Kijana_wa_Kunming:
Usitupe mkuu! Mimi nimesoma Kunming, mji mkuu wa mkoa wa Yunnan huku China, na Yunnan ndo kwao na pu'er, yaani tangu 2008 sheria ya China inasema chai isiyotoka Yunnan, isiyotokana na ule mmea wa majani makubwa, haina ruhusa ya kuitwa pu'er.

Iko hivi. Pu'er zipo mbili. Kuna sheng, hii ni mbichi, majani yanakaangwa kidogo, yanasokotwa, yanaanikwa juani, yanakandamizwa duara halafu yanaachwa yazeeke yenyewe miaka na miaka. Ikiwa changa ni chungu na inakamata ulimi kwelikweli. Halafu kuna shou, hii imeivishwa kiwandani. Zamani watu walikuwa wanazipenda sheng zilizozeekea kwenye maghala ya Hong Kong yenye unyevu, ila nani angesubiri miaka yote hiyo, ndo mwaka 1973 pale Kunming wakatengeneza njia ya kuharakisha. Wanarundika majani lundo kubwa, wanayamwagia maji, wanafunika, lundo linapata joto lenyewe linafika hata digrii 50 na 60 kwa ndani, wanaligeuza kila baada ya siku kadhaa, na ndani ya wiki sita mpaka nane hivi majani ya kijani yamekuwa kahawia iliyokolea. Huo udongo unaousikia umezaliwa humo kwenye lundo, na hicho kashombo pia, shou ikiwa changa mara nyingi inatoka nacho, ikikaa sehemu yenye hewa kinaisha chenyewe.

Hiyo 7572 ni fomula ya shou. 75 ni mwaka ilipoanzishwa fomula, 7 ni daraja la majani, 2 ya mwisho ni kiwanda cha Menghai. Kwahiyo asikudanganye mtu kwamba chai yako ni ya mwaka 1975! Mwaka wa kutengenezwa unaandikwa sehemu nyingine, angalia nyuma ya karatasi. Na hivyo vya dhahabu siyo kuvu, ni vichipukizi, majani machanga kabisa, wanavitandaza juu makusudi.

Bi_Mkunazi:
Salaam wanangu. Mie niko Mombasa, kazi yangu ya miaka mingi ni kuonja chai kabla haijaenda mnadani, na niseme wazi pu'er ni chai inayonishughulisha moyo. Chai nyeusi ya kwetu ya Kericho hubadilika kwa saa chache tu, jani lapondwa, hewa yalipiga, vimeng'enya vyake lenyewe vyafanya kazi, kisha lakaushwa, basi hadithi imekwisha. Kwenye lundo la shou wanaofanya kazi ni fangasi na bakteria, wengi wa fangasi wale ni wa jamii ya Aspergillus, nao huzimega zile tanini zinazokaba ulimi zikageuka kuwa vitu vizito vya rangi ya kahawia. Ndiyo sababu Mpakizi umechemsha mpaka ikawa nyeusi tii na bado haikukukwaruza. Chukua chai ya Kericho uitokose vile, hutaimeza bila ya maziwa na sukari.

Sasa kuhusu ladha usisimame kwenye udongo. Udongo ndio mlango. Ukiinywa polepole utakuta mbao iliyolowa, uyoga mkavu, ngozi, na shou njema ina utamu wa tende uliokaa chini kabisa ya ulimi. Sheng iliyozeeka ni mambo mengine, ile hutoa harufu ya kafuri, kali na safi, puani hukaa mpaka kikombe kimepoa. Halafu kuna utamu unaorudi kooni baada ya kumeza, Wachina huuita huigan, na mie huo ndio naupima kwanza, kwa sababu rangi na harufu hughushiwa lakini koo halidanganyiki kwa urahisi.

Lakini pia nisikufariji kupita kiasi mwanangu. Harufu ya udongo ni sawa, harufu ya uvundo si sawa. Ukiona manyoya meupe, ya kijani au meusi, au ukinusa kitu kichachu kinachochoma pua, au koo likawasha baada ya kunywa, hiyo ilikaa pabaya ikalowa, usinywe. Chai inayojulikana kwa kuvu ya kujivunia ni ile ya matofali, yaani iliyokandamizwa umbo la tofali, iitwayo fu, ya mikoa ya Hunan na Shaanxi, wao huiotesha ndani ya tofali vidoa vya manjano kama punje, lakini yako siyo hiyo.

Mpakizi_GZ:
Bi Mkunazi shikamoo, asante sana. Nimeikagua upande wote na mwanga wa simu, manyoya hakuna, uchachu hakuna. Sasa kunywa?

Kijana_wa_Kunming:
Usimege kwa mkono utavunja majani, ingiza kisu chembamba pembeni uichokonoe taratibu kufuata matabaka. Chukua gramu 5 au 6 kwa kikombe chenye mfuniko cha mililita 100, mimina maji yanayotokota, yamwage hapohapo bila kuyanywa, rudia tena ukitaka, hayo ya mwanzo yanaondoa vumbi na kashombo. Kuanzia hapo sekunde 10 tu unamimina kwenye kikombe kingine, mzunguko unaofuata unaongeza kidogo, majani hayohayo yatakupa mara nane na zaidi, na kila mara ladha inahama, mwanzoni udongo, katikati tende, mwishoni maji matamu tu. Sufuria siyo haramu, Watibeti wanaichemsha chai ya matofali kwa muda mrefu wanatia siagi na chumvi, ila ukitaka kuijua ladha yake anza na vikombe vidogo.

Nesi_Dodoma:
Kuhusu mama. Pu'er nayo ina kafeini, na kafeini inaweza kupandisha presha kwa muda kwa baadhi ya watu, hivyo aanze na kidogo, asinywe usiku, na amuulize daktari wake kwanza kwa kumtajia dawa anazotumia. Asimeze dawa kwa chai. Kama ana upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula maana chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Na mtu asije akamwambia inatibu presha aache dawa, tafadhali sana.

Mzee_wa_Fangcun:
Nanunua chai hapo soko la Fangcun, Guangzhou hiyohiyo uliyopo. Wengi watakuona mgeni watakupa duara wanakwambia la miaka 30 na bei ya kuuza kiwanja. Karatasi inazeeshwa, duara linawekwa chumba chenye mvuke likakolea rangi. Mwaka 2007 bei za pu'er zilipanda kwa kasi watu wakanunua kama hisa halafu zikaporomoka, waliolia ni wengi. Zawadi kunywa kwa amani, ila ukitaka kuongeza, onja kwanza dukani, mizunguko kadhaa, hakuna anayekasirika, na usilipe kwa sababu ya namba ya mwaka.

Mpakizi_GZ:
Nimerudi wakuu. Nimefanya vilevile, nimemwaga ya kwanza na ya pili. Shombo imeondoka kabisa! Udongo upo lakini umekaa nyuma, na kwenye mzunguko wa nne nikaipata ile tende Bi Mkunazi aliyosema, nimekaa na kikombe kitupu nakinusa tu. Mzee jirani alivyoniona na kile kisu akacheka akavuta kiti, tumemaliza birika zima la maji. Sasa ya mama nifungeje? Kontena linaondoka mwisho wa mwezi.

Bi_Mkunazi:
Kontena hapana mwanangu. Joto la humo, unyevu wa bahari, na sabuni na viatu vya watu vikiwa pembeni, itafika Tanga yanuka raba. Mpe mtu anayepanda ndege aiweke kwenye begi la mkononi ndani ya karatasi yake na bahasha ya kaki juu. Ikifika isiwekwe friji wala jikoni karibu na iliki na vitunguu, na asiitie kwenye plastiki ikabanwa. Chungu cha udongo kisichotumika, mfuniko usikaze sana, mahali pasipofika jua. Tanga kuna unyevu mwingi, aichungulie kila mwezi, na masika aihamishie chumba kikavu.

Simba_wa_Kimara:
Mpakizi, yule anayepanda ndege akipita Dar naomba kipande na mimi nionje.