"Hii hii, ila ya Yesu": nimechoka na rap ya Injili ya kudesa

Wakuu, mnivumilie leo, nina hasira.

Mimi ni prodyuza. Wiki mbili zilizopita kaingia studio kijana mmoja mlokole, mchanaji wa rap, akanipa simu yake nisikilize ngoma ya kidunia inayotamba. Nikasikiliza hadi mwisho, nikamuuliza nichukue nini humo. "Kaka, nataka hii hii, ila ya Yesu." Besi ile ile, haihati (yale matoazi ya kwenye ngoma) zile zile, pumzi ikatwe pale pale. Hata vikelele vya pembeni vibaki, ila jamaa anapotaja hela, yeye ataweka "Ameni". Huyo ni wa nne mwezi huu!

Nikamwambia huko ni kudesa, kunakili tu. Akanijibu, cha muhimu ujumbe.

Hapo ndipo nilipochemka. Vina vya chekechea, tunaambiwa ujumbe upo. Hajafanya mazoezi, ujumbe upo. Biti ya wizi, ujumbe upo. Jamani, "Usiibe" nayo ni ujumbe, tena iko kwenye Amri Kumi.

Sisemi mtu asiazime. Hip hop yenyewe imezaliwa kwa kuazima. Kina DJ Kool Herc kule Bronx, New York, miaka ya 1970 walichukua santuri za funk, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, wakakamata kile kipande ambacho ngoma zinabaki peke yake, wakakirudia na kukirudia mpaka watu wakapagawa. Lakini kilichotoka hapo hakikuwa funk tena. Kilikuwa kitu ambacho mwenye santuri mwenyewe hakuwahi kukiwaza. Ninyi mnaazima gauni mnalirudisha gauni, mmebadilisha kifungo tu.

Halafu kuna wajuaji wanaoniletea habari za Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, eti alichukua nyimbo za vilabu vya pombe akazifanya za kanisa. Hiyo ya vilabu ni hadithi tu. Kuna wimbo wake mmoja wa Krismasi ambao kweli ulichapwa 1535 na sauti ya wimbo wa mtaani. Kufika 1539 ulikuwa umepewa sauti mpya, inayodhaniwa ni yake mwenyewe. Kwa hiyo hata mnayejifichia nyuma yake hakuridhika na cha kuazima.

Na mkumbuke kesi ya Flame, mchanaji wa Injili wa Marekani. Mwaka 2014 yeye na wenzake walimshtaki mwimbaji wa pop Katy Perry kwamba ngoma yake "Dark Horse" imechota mdundo wa "Joyful Noise" yao ya 2008. Mwaka 2019 jopo la raia likawapa ushindi, fidia ikapita dola milioni 2.7. Mwaka 2020 jaji akautengua, na 2022 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono: noti zile nane zinazojirudia ni malighafi ya kawaida mno, hakuna wa kuzimiliki. Walokole ninaowafahamu walivyowaka wakati ule! "Wametuibia!" Ni hao hao leo wananiletea simu studio.

Siku hizi wengine hata hawamuigi mtu wa kidunia, wanamuiga aliyeokoka. Lecrae, mchanaji mlokole wa kusini mwa Marekani, alipoifikisha albamu yake Anomaly namba moja kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, mwaka 2014, nilifurahi sana. Sikujua itabidi nirekodi vijana wengi hivi wenye lafudhi ya huko wasiyozaliwa nayo. Kopi ya kopi.

Lakini lafudhi ningeisamehe. Kinachoniuma zaidi ni ushuhuda. Hip hop ina sheria moja ya zamani kwamba usichane maisha usiyoishi. Kanisani nako mtu akisimama kushuhudia anasema alichotendewa yeye, si jirani yake. Sasa huyu kijana mashairi yake yote ni bunduki, genge, na seli aliyookokea ndani yake. Nikamuuliza, umewahi kufungwa? Hapana. Umewahi kushika bunduki? Kacheka.

Tukapiga stori. Kumbe anaishi na bibi yake ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Bibi hamkumbuki jina, anamwita kwa jina la babu aliyekwishafariki, lakini ukimwanzishia tenzi anaimba beti zote bila kukosea. Kila usiku wanaimba wawili mpaka bibi alale. Wakuu, mimi nilishaanza kusikia biti kichwani: sauti ya bibi ikiwa sampo (kipande cha kurekodiwa na kurudiwa), kiki, ile ngoma nzito, ya taratibu, nafasi nyingi ya kupumua.

Nikamwambia, chana hiyo. Akanitazama kama nimemtukana. "Haina mvuto, kaka."

Nilimrudishia hela yake yote akaondoka.

Jana ngoma imetoka. Bunduki ipo, seli ipo, haihati zile zile. Chini watu wanaandika "barikiwa mtumishi". Prodyuza uliyeifanya, kama uko humu, jitokeze tuongee.